Msikilizaji wa Goti

Goti la Kidawa Njiku lilipasuka mbele ya macho yangu, na mlio wake niliusikia. Tulikuwa kwenye godauni la zamani la alizeti pale Igonze, ambalo tumeligeuza uwanja wa mazoezi. Alikuwa amemkumbatia kiunoni mwanamume mzito kuliko yeye, akazunguka ili ambwage. Kiuno kilizunguka, paja likafuata, lakini unyayo wa kulia ukabaki umeng'ang'ania turubai. Ndani ya goti kitu kikalia ko, kama mtu amevunja kijiti cha mhogo mkavu.

Kidawa hakulia. Alimaliza kwanza kazi yake: akambwaga yule jamaa, akamkalia kifuani, akamshindilia ngumi mbili za uso ambazo hata hazikuhitajika, jino likaruka. Ndipo akataka kuinuka, na mguu ukakataa kunyooka.

"Dokta," akaniita, "mguu umekwama."

"Nimeona. Usiulazimishe."

Akaulazimisha. Wapiganaji ndivyo walivyo, kuwashauri ni kumpigia mbuzi gitaa. Safari hii alilia, na alilia kwa matusi. Machache yalikwenda mbinguni, yaliyobaki yote yalinijia mimi.

Ulikuwa umebaki mwezi mmoja tuingie ulingoni na Sekelo, na hilo ndilo lililonijaa kichwani.

Kwetu Igonze maji yanapiganiwa. Bomba Kuu linatoka ziwani, mbali, na likifika njia panda linagawanyika, tawi moja letu na jingine la Sekelo, na maji yenyewe hayatutoshi wote. Zamani tulipigana wote kwa wote, kwa mapanga, pale pale kwenye valvu. Mama yake Kidawa alikatwa shingo akiwa na ndoo kichwani, Kidawa mwenyewe akiwa mtoto, amemshika kanga kwa nyuma. Pande zote mbili zilipochoka kuzika, zikafunga Mkataba wa Ulingo. Kila mwaka kabla ya masika kila mji utoe mwanamke mmoja, kwa sababu mwanamke ndiye mbeba ndoo, wapigane mikono mitupu. Atakayeshinda, mji wake unashika valvu mwaka mzima. Walioshindwa wanafunguliwa maji Jumamosi tu.

Na Igonze hapakuwa na mpiganaji mwingine. Walikuwepo wanawake wenye midomo mikubwa, lakini wa kumbwaga mtu wa Sekelo alikuwa huyu mmoja, naye alikuwa amelala kwenye turubai anamtukana daktari wake.

*

Mwenyekiti Ntandu wa Kamati ya Maji aliingia chumba cha upasuaji na viatu vyake vya shambani, mlinzi wake nyuma. Kidawa alikuwa mezani, macho makavu, ganzi ya mgongo imemshika kuanzia kiunoni. Yakobo, muuguzi wangu wa ganzi, alikuwa amemshika bega. Mimi nilikuwa nimeshaingiza kamera ndani ya goti, na picha ilikuwa ukutani kubwa kama mlango.

"Hicho cheupe kinachoning'inia ni nini?" Ntandu akauliza.

"Meniski. Kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi kuna wosha mbili za gegedu, kama ile unayoweka kwenye koki isivuje. Moja imechanika, kipande kimejikunja kikaingia katikati. Ndiyo maana goti halinyooki."

"Unaitengenezaje?"

"Ama naishona, ama naikata naitupa."

"Ukishona?"

"Itapona, Mungu akipenda. Lakini hakanyagi ulingo mpaka mwakani."

"Na ukikata?"

"Baada ya wiki chache anaruka."

"Sasa unauliza nini?"

"Sijauliza kitu, Mwenyekiti. Wewe ndiye uliyeingia na viatu."

Nikawasha mashine ya kutabiri. Unaipa picha ya goti, uzito wa mtu na kazi anayofanya, nayo inakuchorea goti hilo hilo linavyozeeka. Nikaipa kwanza goti lililoshonwa, likazeeka polepole, gegedu limechakaa kidogo kama la mtu yeyote. Kisha nikaipa goti lililokatwa. Gegedu likaanza kumenyeka, likaisha, mfupa ukakaa juu ya mfupa, vijiba vikaota pembeni. Umri ulioandikwa chini ya picha haukufika hata thelathini na tano.

"Watu wanasema ute umekauka," nikamwambia Kidawa, maana goti lilikuwa lake. "Siyo ute. Ni kusagika. Wosha ikitoka, chuma kinakula chuma. Wengine huchelewa, wengine hawapati kabisa, lakini mpiganaji huwahi. Utashuka ngazi kinyumenyume. Choo cha kuchuchumaa utakuwa unakisikia kwa wenzio."

Ntandu alichomoa bastola kiunoni, akailaza kwenye trei yangu, katikati ya vyombo nilivyovichemsha mwenyewe. Hakuielekeza kwa mtu. Aliilaza tu.

"Mzee, samahani," Yakobo akasema, "vitu vya nje havikai hapo."

Yule mlinzi alimpiga rungu la mdomo. Yakobo aliangukia mitungi ya hewa, damu ikaruka mpaka kwenye shuka la kijani lililomfunika Kidawa. Sasa mimi nina hasira za karibu, tangu utotoni, na mkononi nilikuwa na kisu. Kabla sijafikiri kilikuwa kimeshagusa koo la yule mlinzi, ngozi imefunguka kidogo, tone linashuka.

"Toka na bosi wako," nikamwambia, "kabla sijakata mshipa ambao hata mimi sitaweza kuushona."

"Dokta," Kidawa akaita kutoka mezani. "Goti ni la nani?"

"Lako."

"Basi waache watoke, na wewe rudi kwenye kazi."

Wakatoka, Ntandu akaichukua bastola yake bila haraka. Yakobo aliinuka, akatema jino kwenye beseni, akarudi kumshika Kidawa bega. Nikabadilisha kisu na shuka.

"Kata," Kidawa akasema.

"Hujasikia niliyosema?"

"Nimesikia. Thelathini na tano ni mbali. Mama yangu alikufa na ishirini na tisa. Kata, halafu uniapie jambo moja."

Nililijua jambo lenyewe. Ulingoni mpiganaji hawezi kujisalimisha. Anasalimishwa na kona yake. Na kona, kwa mila tuliyojiwekea, ni yule aliyemgusa damu mara ya mwisho, kwa sababu tunaamini mtu aliyeingiza mikono mwilini mwako hatakuuza. Nilipochukua kisu tu, kona ilikuwa imeshakuwa yangu. Kusalimisha kwenyewe ni kwenda mbele ya kona ya adui na kupiga goti, watu wote wakiona.

"Uniapie hutapiga goti nikiwa bado nimesimama."

"Haki ya Mungu," nikasema.

Nikakata. Kabla sijafunga kidonda nikapachika Bubu kwenye mshipa wa fahamu wa goti. Bubu ni kidude kidogo kama punje ya mtama, kazi yake kuzuia maumivu yasipande kichwani. Kila mpiganaji aliyekatwa anacho. Miaka ya mwanzo walikuwa wanakufa ulingoni na mifupa iliyovunjika wasijue, kwa hiyo Mkataba ukaongeza sharti kwamba maumivu yasinyamazishwe bila msikilizaji. Sasa Bubu anayachukua, anayageuza sauti, anayarusha kwenye sikio la kona. Kidawa hatasikia kitu. Nitasikia mimi.

*

Ulingo wetu uko njia panda, pembeni ya valvu yenyewe, ili mtu asisahau anapigania nini. Siku ile jua lilikuwa kali la alasiri, Igonze wamekaa upande mmoja na Sekelo upande wa pili, kila mmoja amekalia ndoo yake tupu. Ndoo ni kiti na ni bendera.

Sekelo walimleta Felista, wanayemwita Winchi, kwa sababu humnyanyua mtu mzima mpaka juu ya kichwa halafu anamwachia. Mabega yake yalikuwa mapana, shingo hakuna. Kona yake alikuwa mama yake mzazi, aliyemshona nyusi wiki iliyopita.

Filimbi ilipolia nilikuwa na kisikizi sikioni, na goti la Kidawa lilikuwa linanung'unika tu, kama chungu cha maharage kwenye moto mdogo.

Winchi alianza na kichwa. Alimpiga nacho Kidawa puani, pua ikalala upande. Kidawa alijibu na kiwiko kwenye jicho, nyusi ya Winchi ikafunguka pale pale iliposhonwa, damu ikamfunika uso mzima. Wakashikana. Sauti ya ngozi kwa ngozi, pumzi, matusi ya chini chini. Winchi akamnyanyua mgonjwa wangu, akamwachia. Kidawa alitua kwa mguu wa kulia, na sikioni mwangu mahindi makavu yakaanza kusagwa kinuni.

Raundi ya pili Winchi aligundua goti. Alilipiga teke la pembeni, tena, tena. Kila teke liliingia sikioni mwangu kama nguruwe anayechinjwa na mtu asiyejua kuchinja. Nilikuwa nimejishika shavu, machozi yananitoka, na ulingoni Kidawa alikuwa anacheka, meno mekundu, anamwambia Winchi, "Endelea, dada, unanikuna." Igonze wakagonga ndoo kwa shangwe. Walidhani ana moyo wa simba. Moyo alikuwa nao, sikatai, ila kelele ile yote ilikuwa imehamia kwangu.

Kisha Kidawa akaudaka ule mguu unaopiga. Akamwangusha Winchi kifudifudi, akamkunja mkono wa kushoto mgongoni mpaka ukatoka begani. Winchi alipiga ukelele mmoja. Kidawa hakumwachia; alimpiga mateke ya mbavu hadi filimbi ya kumaliza raundi, na zile mbavu nilizisikia bila chombo chochote. Nilipomtazama mama yake Winchi, alikuwa amefumba macho.

Kidawa alirudi kukaa kwenye ndoo mbele yangu. Nikamziba pua kwa pamba. Goti lilikuwa limevimba kama boga.

"Linasemaje?" akaniuliza.

"Linapiga mluzi."

"Mimi silisikii."

"Najua hulisikii, ndiyo shida yenyewe. Bubu akipiga mluzi siyo gegedu tena, ni mfupa. Kichwa cha muundi kimeingia ufa, Kidawa. Ukimnyanyua yule kwa mguu huo kitapasuka vipande vipande, na hapo hakuna kushona wala kukata. Nitaunganisha mfupa na mfupa uwe na gogo la kuburuta. Au nikutoe mguu."

"Nikimwangusha sasa, anainuka?"

Nikamtazama Winchi. Mkono ulikuwa unaning'inia, mdomoni povu la damu, mama yake anamfuta bila kumtazama.

"Hainuki."

"Basi tumeshinda." Akanipiga kofi dogo la shavu, la kirafiki, mkono wake umelowa. "Uliniapia, Dokta."

Raundi ya tatu haikuwa pigano. Winchi alisimama kwa sababu hakuna aliyemwambia aanguke. Kidawa alimpiga ngumi ya koo, akaingia chini yake, akamzungushia mikono mapajani. Akakunja magoti ili amnyanyue. Mluzi ule ukapanda, ukawa mwembamba, na katikati ya mluzi nikasikia kitu kikianza kuachana.

Niliwatazama watu wangu. Wazee, watoto, mama wenye mimba, wote wamesimama na ndoo zao, nyuso zimejaa furaha ambayo sijaiona Igonze tangu nizaliwe. Mwaka mzima wa maji ulikuwa pumzi moja mbele yetu. Niliijua adhabu pia, kila mtu anaijua: kona anayepiga goti mpiganaji wake akiwa wima, huvunjwa lile goti alilopigia, na anayelivunja ni mpiganaji mwenyewe. Niliogopa sana. Na nilikuwa nimemzoea yule mtoto mpaka nikampenda, ndiyo hivyo, sina maelezo ya kitaalamu.

Nikaruka kamba, nikapita mbele ya refa, nikaenda kwenye kona ya Sekelo nikapiga goti la kulia kwenye vumbi.

Mama yake Winchi alifumbua macho akanitazama kama kichaa. Filimbi ikalia. Hakuna aliyegonga ndoo, hata Sekelo. Nilipogeuka Kidawa alikuwa bado amekunja magoti, amemkumbatia Winchi ambaye kichwa chake kilikuwa kimelala begani kwake, amezimia. Alimlaza chini taratibu kama anavyolazwa mtoto aliyelala. Kisha akanitazama, na mimi sijawahi kutazamwa hivyo na mtu niliyemtibu.

"Nilikuwa nimesimama," akasema.

Ndoo ya kwanza ilinipata kisogoni. Baada ya hapo zilikuwa nyingi, na mateke, na mwanamke mmoja niliyemzalisha mapacha aliniuma sikio akaling'oa pamoja na kisikizi. Mbavu zangu mbili zilivunjika pale. Nilichosikia mwisho ni mlio wa bastola na sauti ya Ntandu, "Msimuue. Huyu ni wa Kidawa."

*

Waliotunga Mkataba walikuwa watu waliochoka, na mtu aliyechoka hutunga sheria yenye tundu. Waliandika kwamba adhabu ya kona itangoja mpaka mpiganaji aweze kusimama bila gongo, na kwamba anayesema mpiganaji amepona ni daktari wake. Hawakuwaza kwamba kona, daktari na mkosaji wanaweza kuwa mtu mmoja. Igonze nzima daktari wa mifupa ni mimi.

Ntandu alinijia wodini, nikiwa nimefungwa mbavu, akaniambia waziwazi, "Ukitaka, utasema hajapona mpaka ufe. Mimi nakuelewa. Lakini nitakuwa nakutazama kila siku."

"Nitazame," nikamwambia. "Na uvue viatu."

Kuchelewesha kulikuwa rahisi mno. Ningemwacha tu bila mazoezi. Goti lililolala linakauka, paja linanywea, mtu anabaki kilema kwa uvivu wa daktari wala hakuna wa kumshika. Nilifikiria hilo asubuhi moja nzima, sitadanganya. Mchana nikamwita Kidawa aje tuanze.

Nilimrudishia maumivu yake. Nilimgeuza Bubu yaende kichwani kwake, apate kujua pa kuacha, lakini sauti nayo niliiacha wazi, kwenye kisikizi kipya na sikio langu la upande wa pili. Kwa hiyo tulikuwa tunaumia pamoja, yeye kwa kulisikia goti na mimi kwa kulisikiliza. Alikuja kila siku niliyomwambia. Hakuniamkia, hakunijibu. Nikimwambia kunja, anakunja. Nikimwambia nyoosha, ananyoosha, jasho linamtiririka, macho ukutani.

Nje, mji ulikuwa unarudi kule tulikotoka. Jumamosi foleni ilianzia kwenye valvu ikaishia makaburini. Mwanamke mmoja alikatwa panga la mkono kwa sababu ya kuruka nafasi. Niliushona, naye aliponishukuru alinishukuru kwa mate ya uso. Wanaume wakaanza kunoa tena vitu vyao hadharani, vibarazani, wakitazama upande wa Sekelo. Kisha mtoto wa mwisho wa Yakobo alikunywa maji ya bwawa la ng'ombe, akaendesha mpaka akaisha. Nilimwekea dripu kwa mikono yangu na hakungoja. Yakobo alizika, kesho yake akarudi kazini, akanishikia vyombo kama kawaida. Hakuniambia neno baya. Heri angeniambia.

Wiki zikapita hivyo. Siku moja Kidawa alikuwa anachuchumaa na kuinuka, mikono mbele, mgongo umenyooka, nikashangaa kusikia sauti yake.

"Linasemaje?"

"Linanung'unika. Kama goti lolote lililokatwa."

"Ufa?"

"Umeziba."

"Litasagika?"

"Litasagika. Siwezi kukudanganya, kilichotoka hakirudi. Ukiacha ulingo, ukijaza paja misuli, usinenepe, pengine utafika hamsini ndipo lianze kukusumbua. Pengine usisumbuliwe kabisa."

Alichuchumaa tena, akakaa kule chini muda mrefu, akainuka bila kushika kitu.

"Nimepona?"

Nikaiweka mikono yangu mifukoni mwa koti.

"Umepona," nikasema.

"Ungeweza kusema bado."

"Ningeweza."

Akachukua kanga yake akatoka. Nilikaa kwenye kitanda cha wagonjwa nikalia kwa kelele, kwa woga, sioni aibu kusema. Mimi ni mtu ninayejua goti linavunjikaje, kipande kwa kipande.

*

Walinipeleka njia panda Jumamosi asubuhi, foleni ikiwepo, ili kila mtu aone. Matofali mawili yaliwekwa chini na mguu wangu wa kulia ukalazwa juu yake, kisigino hapa, paja pale, goti likiwa hewani. Yakobo aliombwa anishike mabega. Alikubali, na mikono yake ilikuwa ya muuguzi ile ile, inashika bila kubana. Ntandu alitangaza kosa na adhabu kwa sauti ya kuchoka. Sikioni nilikuwa na kisikizi changu. Hakuna aliyekumbuka kunivua, wala mimi sikuwakumbusha.

Kidawa alikuja na nondo nene ya kujengea. Pua yake ilikuwa imepona upande. Alisimama juu yangu, jua nyuma yake.

"Ningeshinda," akasema.

"Ungeshinda."

"Mtoto wa Yakobo angekuwa hai."

Mikono ya Yakobo mabegani mwangu haikucheza.

"Ndiyo," nikasema.

"Goti langu moja na watu wote hawa. Ukachagua goti."

"Nilikuchagua wewe."

"Hukuniuliza, Dokta. Mimi nilishachagua, na uliapa." Akaihamishia nondo mkono wa pili. "Wewe na Mwenyekiti hamna tofauti. Kila mtu anauona mguu wangu ni wake."

Nilimwambia tu, "Piga, mwanangu."

Alishika nondo kwa mikono miwili. Kisha akainama kidogo, watu wasisikie, akaniambia, "Legeza mguu. Ukikaza unavunjika vibaya."

Nikalegeza. Akaukita mguu wake wa kulia kwenye vumbi, akajipinda kutoka kiunoni kwa uzito wake wote, akashusha. Nilimwona akisimama juu ya mguu ule imara kabisa, hayumbi, na kabla maumivu yangu hayajanifika nilisikiliza kwanza ya kwake. Goti lake lilinung'unika kidogo, likatulia.

Halafu langu likaanza.